Viazi vitamu kwa meza ya Noeli: utamu unaanzia shambani



Noeli na Bonane ziko karibu, na tunajua vile inapitaka kwa nyumba nyingi hapa kwetu Kivu. Baba anatafuta mchele, mama anatafuta mafuta na sukari, bei ya vyote inapanda, na mtu anaingia mwaka mpya akiwa na deni ku duka. Wakati uleule viazi vitamu, vile Bashi wanaita bijumbu, viko shambani na vimeiva. Vinauzwa bei ya chini juu kila mtu anavivuna kwa wiki moja ili apate franka ya sikukuu. Tunauza chakula chetu kwa bei ndogo ili tununue chakula cha wengine kwa bei kubwa.

Somo la leo ni juu ya kupika sufuria moja ya viazi vitamu ambayo mtu anaweza kuweka mbele ya wageni bila haya. Tunasema «bila haya» kwa sababu tuliona haya sisi wenyewe.

Ilikuwa mwaka uliopita, kwa koperative moja ya milimani. Tulileta viazi vya machungwa, ni kusema vile ambavyo ndani yake viko na rangi ya machungwa ama ya karoti. Tulivimenya, tukavikata vipande vidogo, tukaviweka ndani ya maji mingi yanayochemka, tukaponda. Ikawa uji. Tukaongeza sukari, ikawa uji wa sukari. Watoto walicheka. Mama mmoja, mzee kuliko sisi sana, alionja kidogo, akaweka kijiko chini, akasema: «Agronome, hii ni chakula ya mgonjwa. Nikiiweka mbele ya wakwe zangu siku ya Noeli, watasema nini juu ya nyumba yangu?»

Hatukuwa na jibu. Kwa masomo ya kilimo tulifundishwa nafasi kati ya mashina, magonjwa na mbolea, sufuria haikuwamo. Tulirudi nyumbani, tukajaribu tena mara nyingi pamoja na wamama wa koperative ileile, na tukaona kwamba tulikosea kwa mambo matatu: aina ya kiazi, vile kilivyotunzwa kisha kuvunwa, na moto. Sukari haikukosekana.

Kiazi chenye maji na kiazi chenye unga

Wazee wetu wanapenda kiazi kikavu, kile ambacho ukikivunja kinatoa unga na kinakusonga kooni mpaka unaomba maji. Viazi vyeupe vya zamani viko hivyo. Aina nyingi za viazi vya machungwa ziko na maji mingi na wanga kidogo, kwa hiyo vinalainika mbio. Ukivikata na kuvichemsha ndani ya maji, vinakunywa maji juu ya maji. Ndiyo maana tulipata uji.

Si aina zote zinafanana. Kule Uganda watafiti walitoa mwaka 2007 aina mbili za machungwa zinazoitwa Kabode na Vita, ambazo zilichaguliwa pia kwa sababu watu wanapenda kuzila. Mmoja wa watafiti wale, Robert Mwanga, alipokea Zawadi ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Tunataja jambo hili kidogo tu, ili mujue kwamba kilio cha «viazi hivi viko na maji» hakikuanza kwetu, na kuna watu walifanya kazi miaka mingi juu yake.

Lakini mbele ya kupata aina nyingine, dawa iko hapa hapa: changanya. Sehemu mbili za machungwa kwa sehemu moja ya vyeupe vikavu. Vyeupe vinaleta unga, vya machungwa vinaleta rangi, na vinaleta kitu kingine tutakachokisema chini.

Kuvuna na kupumzisha

Hapa ndipo tunaomba musimame kidogo, juu sehemu hii inahusu sufuria na inahusu pia mfuko wa koperative.

Siku tatu hadi tano mbele ya kuvuna, mukate majani na kamba zote juu ya shamba. Ngozi ya kiazi inakomaa ndani ya udongo na haibanduki ovyo. Muchague siku isiyo na mvua. Muchimbe mbali kidogo na shina ili jembe lisikate. Musioshe: toeni udongo kwa mkono, taratibu. Kiazi kinaonekana kigumu sawa jiwe lakini ngozi yake ni nyepesi sawa ya mtoto mchanga, na kila kidonda ni mlango wa uozo.

Kisha muvipumzishe siku nne mpaka saba. Mahali pazuri kwa milima yetu ni jikoni, upande usio na moshi mkali, kwa sababu usiku kunakuwa baridi na kiazi kitamu hakipendi baridi. Mutandike majani makavu chini, mupange viazi, mufunike na gunia lililonyunyiziwa maji kidogo, lisilolowa. Joto na unyevu vinafanya vidonda vidogo vifunge, ngozi inakuwa ngumu, na ndani ya kiazi sehemu ya wanga inaanza kugeuka sukari. Kiazi kilichopumzika wiki moja ni kitamu kuliko kile cha leo asubuhi. Mujaribu wenyewe: mupike kimoja cha siku ya kuvuna, kisha mupike ndugu yake kisha siku saba.

Tulijifunza jambo hili kwa hasara. Tulisindikiza siku moja mzigo wa viazi mpaka soko la Bukavu. Viazi vilivunwa asubuhi chini ya mvua, vikaoshwa ving'ae, vikasukumwa ndani ya magunia mpaka mdomo ukakataa kufunga, na gari likakwama njiani ndani ya matope siku mbili. Tulipofungua, harufu ya pombe ilitangulia. Wamama wa soko walitoboa viazi kwa kidole, wakatoa bei ya nusu, na hawakuwa na makosa. Tangu siku ile tunasema: gunia lisipite kilo ambazo mtu mmoja anaweza kubeba bila kulitupa chini, na viazi vipumzike mbele ya kusafiri. Mwenye haraka ya kuuza tarehe 20 avune tarehe 12.

Wakati wa kupanga, mutenge viazi vilivyotobolewa na fukusi, kile kidudu cheusi kidogo chenye pua refu, kinachofanana na siafu. Hapa tuko na tabia mbaya, tuseme ukweli: tunauza vizuri na kula vilivyotobolewa. Fukusi akila kiazi, kiazi kinajikinga kwa kutoa uchungu, na ule uchungu ni sumu. Haumalizwi na kupika, na hata ng'ombe anaweza kuugua mapafu. Kama kitundu ni kimoja pembeni, kata mbali, nusa, onja kidogo; kikiwa kichungu, tupa. Vilivyotobolewa kila upande vichimbiwe shimo refu ama vichomwe, visiachwe juu ya shamba, sababu fukusi wanaendelea kuzaliana ndani yake na watawangojea msimu unaokuja. Fukusi hachimbi sana. Anapitia nyufa za udongo. Kwa hiyo kupandisha udongo juu ya tuta wakati kiazi kinanenepa ni ulinzi ambao hauombi hata franka moja.

Moto mdogo

Kila mtoto anayechunga mbuzi anajua kwamba kiazi cha ndani ya majivu ya moto ni kitamu kuliko cha sufuria. Tulikula hivyo sote. Lakini ni wangapi walijiuliza kwa nini?

Ndani ya kiazi kitamu kuna kitu ambacho wenye masomo wanakiita kimeng'enya. Kazi yake ni kukata wanga na kuufanya sukari. Kinafanya kazi vizuri wakati kiazi kimefika kwenye joto la digrii 60 mpaka 75 hivi. Maji yanayochemka yako karibu na digrii 100, na joto hilo linakiua. Majivu yanapasha kiazi polepole, kwa hiyo kimeng'enya kinapata muda mrefu wa kazi. Ukikata kiazi vipande vidogo na kuvitupa ndani ya maji yanayoruka, unakiua mbele hakijaanza. Kisha unakwenda kununua dukani sukari ile ile uliyoikataza kuzaliwa.

Kwa hiyo kwa sufuria ya Noeli: viazi vizima, na ngozi yake, kwa mvuke, na moto mdogo saa ya kwanza. Wamama wa Bugorhe watatuambia hawana muda. Tunasikia. Lakini sufuria hii haihitaji mtu wa kuisimamia. Inakaa juu ya makala machache wakati munachambua mchele ama munasuka nywele za watoto.

Kupika kwa watu kumi

Tafuta hivi: viazi vya machungwa kilo 2, viazi vyeupe vikavu kilo 1, karanga glasi 2, maziwa glasi 1, mayai 4, mafuta vijiko vikubwa 6, tangawizi kipande cha urefu wa kidole, chumvi kijiko kidogo kimoja. Mafuta yanaweza kuwa siagi kama iko. Kama haiko, mafuta ya mawese yanafaa sana, na rangi inakuwa nzuri zaidi. Maziwa yakikosekana, saga glasi nusu ya karanga juu ya hizo mbili, uchanganye na maji ya moto, uchuje.

Osha viazi sasa, siku ya kupika, bila kumenya. Weka vijiti ama mabua ya mgomba chini ya sufuria, mimina maji yasiyopita vijiti, panga viazi juu, vikubwa chini na vidogo juu. Funika na majani ya mgomba kisha kifuniko. Anza na makala machache. Maji yatoe moshi lakini yasiruke, kwa muda wa saa moja hivi. Kisha ongeza makala, maji yachemke kabisa mpaka kisu kiingie katikati ya kiazi kikubwa bila kukwama. Angalia maji yasikauke.

Wakati ule, chambua karanga. Toa zote zenye ukungu, zilizonyauka ama zilizobadilika rangi, kwa sababu ukungu wa karanga unaleta sumu ambayo moto hauimalizi. Kaanga zilizobaki, toa maganda, uzitwange nusu-nusu, zisiwe unga. Kwa sahani ya watoto wadogo, twanga mpaka laini ili zisiwakabe.

Viazi vikiiva, acha vipoe kidogo, vua ngozi kwa mkono, itatoka yenyewe. Ponda na mwiko vyeupe kwanza, vikiwa bado na joto, kisha ongeza vya machungwa. Ongeza mafuta, chumvi, tangawizi iliyotwangwa. Ongeza maziwa kidogo kidogo na usimame mapema: pondo lisimame juu ya mwiko, lisianguke. Kama viazi vyako viko na maji, maziwa yote hayataingia, na si kosa. Mwisho piga mayai, yachanganye wakati pondo limepoa, vinginevyo yataiva vipande-vipande.

Onja. Mbele ya kuweka sukari, onja tena. Kwa majaribio yetu yote tangu ile siku ya haya, watu walioonja bila kuambiwa walidhani tulitia sukari.

Sasa kuoka. Hatuna fuku ya umeme, lakini wamama wanaopika keki juu ya mbabula wanajua hii kazi. Pitisha jani la mgomba juu ya moto lilainike, lipake mafuta, litandike ndani ya sufuria nzito. Weka pondo, lisawazishe, mwaga karanga juu yake. Funika na kifuniko, kisha weka makala yenye moto juu ya kifuniko na makala machache sana chini. Moto mwingi uwe juu. Kisha dakika 40 hivi, juu panakuwa kahawia, pembeni panajitenga na jani. Acha ipumzike dakika 15 ndipo ukate. Itakatika vipande kama keki, na kila mtu atapata chake mkononi bila kugombana na kijiko.

Wenye kupenda chumvi kuliko utamu wapunguze tangawizi, waweke katikati ya pondo tabaka moja la sambaza kavu zilizokaangwa na kitunguu na pilipili kidogo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo nzuri kuliko ile ya kwanza, lakini tulipigiwa kura tukashindwa: watoto walichagua ya karanga.

Kupika viazi vitamu kwa sikukuu hakukuanza nasi. Marekani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa kumi na moja, kwa Sikukuu ya Shukrani, familia nyingi zinaponda viazi vya machungwa, zinavioka, na zinaweka sukari juu na hata bonboni nyeupe laini zinazoyeyuka. Bonboni hizo tuwaachie.

Kikapu cha nyumba kwanza

Tulisema viazi vya machungwa vinaleta kitu kingine. Ile rangi, mwili wetu unaigeuza vitamini A. Mtoto aliyekosa vitamini A anaanza kujikwaa jioni, haoni vizuri giza likiingia, na magonjwa kama surua na kuhara yanampiga kwa nguvu kuliko wenzake. Gramu 125 za viazi vya machungwa, ni kusema kiazi kimoja cha ukubwa wa ngumi ndogo, zinaweza kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Viazi vyeupe vina kidogo sana, hata vikiwa vitamu. Na vitamini ile inaingia mwilini pamoja na mafuta. Kwa hiyo mafuta ndani ya sufuria hii si ya anasa tu.

Ndiyo sababu tunaomba jambo moja ambalo wababa wengine walilikataa kwa mkutano: mbele mnunuzi hajafika na mizani yake, kila nyumba ijaze kikapu kimoja cha viazi vizuri, visivyotobolewa, na kikapu kile kisiuzwe. Baba mmoja alituambia: «Agronome, franka haiozi, kiazi kinaoza.» Ni kweli. Lakini kiazi kilichopumzishwa vizuri, kikiwekwa mahali pakavu penye hewa, kinafika Bonane bila shida. Na hesabu ya sukari tuifanye pamoja: kama nyumba 60 za koperative zinaacha kununua nusu kilo ya sukari kila moja, ni kilo 30 ambazo hazikulipwa dukani. Mwenye kujua bei ya leo ya kilo moja azidishe.

Musisahau mbegu

Siku ya kuvuna, musitupe kamba zote. Muache kona moja ya shamba, pembeni ya maji, bila kukata wala kuvuna, na iwe na mashina yenye nguvu tu. Shina lenye majani yaliyojikunja, madogo, yaliyopauka ama yenye michirizi ya manjano liko na ugonjwa wa virusi. Ling'oeni hata kama lilizaa kiazi, kwa sababu kamba yake itabeba ugonjwa mpaka shamba jipya. Mwezi wa pili, mvua za msimu B zikianza, mukate ncha za kamba zenye urefu wa sentimita 30 hivi, muziweke kivulini siku moja ama mbili, mupande.

Na kwa Noeli ya mwaka unaokuja, muhesabu kurudi nyuma. Kwa bonde la Ruzizi, ambako kuna joto, kiazi kinaiva kwa miezi mitatu na nusu ama minne. Kupanda mwishoni mwa mwezi wa nane kwa maji ya mfereji kunatosha. Kwa milima ya Kabare na Walungu, miezi mitano mpaka sita; hapo mupande mwezi wa sita ama wa saba ndani ya mabonde yenye unyevu. Mukingojea mvua ya mwezi wa tisa mtakula viazi vya machungwa kwa Pasaka. Wanaokaa karibu na Mulungu wanaweza kuuliza kituo cha INERA kama kuna kamba safi za machungwa. Wengine waongee na agronome wa eneo lao mapema, mbele ya kiangazi kukausha kila kitu.

Kwa mkutano wa mwezi wa kwanza, wale watakaokuwa wamejaribu watuletee habari: aina gani ya kiazi, kilipumzika siku ngapi, moto ulikaa muda gani, na wageni walisema nini. Na yule mama wa milimani, kama anasomewa ukurasa huu, tunamkumbusha kwamba alituahidi kipande cha sufuria yake, ya wakwe zake, na hatujasahau.